Mawakili wa Mkono wa Chuma

Mmewasikia. Wapo kijiweni kwenye kahawa, wapo kwenye makundi ya WhatsApp wakisambaza video, wapo hata kwenye kumbi za vyuo vikuu wakiwa na tai shingoni. Wanasema demokrasia imetuchelewesha, kura zinanunuliwa, bunge limegeuka mahali pa posho, na kwamba Afrika inamhitaji mtu mmoja mwenye msimamo, asiyeulizwa maswali, ainyooshe nchi. Si watu wa kupuuzwa. Taasisi ya V-Dem ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba nchi za kiimla duniani zimefika 91 na za kidemokrasia zimebaki 88, hali ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 20. Upepo uko upande wao. Ndiyo maana nimeamua kuwasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikilizana wao wenyewe, nizichukue hoja zao kama wanavyozitoa, nizipime, na ninyi wasomaji mkae kwenye kiti cha hakimu.

Shahidi wao mkuu ni Singapore. Lee Kuan Yew, wanasema, alikabidhiwa kisiwa kisicho na madini wala maji ya kutosha, akakitawala kwa mkono mkali tangu 1959 hadi 1990, akakiacha tajiri. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba aliwaweka wapinzani kizuizini bila kesi, kama ilivyokuwa katika msako wa Februari 1963, na kwamba J.B. Jeyaretnam, aliyethubutu kushinda kiti cha upinzani mwaka 1981, aliandamwa mahakamani kwa miaka. Lakini hoja inadai zaidi ya hapo: inadai kwamba ukali ndio uliouzaa utajiri. Basi na tuwaite mashahidi wengine wa rika hilohilo. Mobutu alishika nchi 1965, Bokassa 1966, Eyadéma 1967, Macías Nguema 1968, Amin 1971. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na ukali. Kama ukali peke yake ungetosha, Kinshasa ingekuwa imeipita Singapore, maana ilikuwa na ukali, shaba, kobalti na almasi kwa pamoja. Badala yake, sarafu ya zaire iliyoanzishwa mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola 2 za Marekani iliporomoka hadi mwaka 1993 serikali ikatoa zaire mpya, kila moja ikibadilishwa kwa za zamani milioni 3. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wakili ana ruhusa ya kuvuta. Hakimu hana ruhusa ya kumsikiliza shahidi mmoja huku watano wakiwa wamefungiwa nje ya mlango.

Zaidi ya hapo, shahidi wao mwenyewe hasemi wanachotaka aseme. Ofisi ya kupambana na rushwa ya Singapore ilianzishwa mwaka 1952, Lee akiwa bado hajashika madaraka, na aliiacha ifanye kazi. Rufaa za mahakama zake ziliweza kupelekwa hadi Baraza la Mfalme London mpaka mwaka 1994, ndiyo maana mwekezaji aliweza kulala usingizi. Uchaguzi ulifanyika muhula baada ya muhula, uwanja ukiwa umeinamishwa upande wa chama tawala, lakini kura zilihesabiwa. Waziri wake Teh Cheang Wan alichunguzwa kwa rushwa mwaka 1986 akajiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 2024 waziri mwingine, S. Iswaran, alihukumiwa kifungo cha miezi 12. Mawakili wetu wanaipenda fimbo ya Lee. Sijawasikia wakiomba mahakama zake, wala ofisi inayoweza kumkamata waziri akiwa bado madarakani.

Na kwa nini safari ndefu hivyo kwenda kutafuta mfano? Botswana iko kusini mwetu tu. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa na takriban kilomita 12 za barabara ya lami. Ikachimba almasi, ikaingia miongoni mwa nchi zilizokuza uchumi kwa kasi zaidi duniani kwa karibu miongo mitatu, na muda wote huo ilikuwa na vyama vingi, mahakama na magazeti. Haikuwa paradiso; chama kimoja kilishinda kila mara kwa miaka 58. Oktoba 2024 kilishindwa, na Rais Mokgweetsi Masisi akakubali matokeo hata kabla kura hazijamalizika kuhesabiwa. Almasi zilikuwa Botswana na almasi zilikuwa Kongo. Anayedai kwamba mkono wa chuma ndio uliokosekana Afrika atueleze ni ipi kati ya nchi hizo mbili iliyokuwa nao.

Wakibanwa hapo hukimbilia takwimu za ukuaji wa uchumi: tazama asilimia 8, tazama asilimia 10, mwaka hadi mwaka. Swali dogo: nani amezihesabu? Mwaka 2022 mchumi Luis Martínez wa Chuo Kikuu cha Chicago alilinganisha takwimu rasmi za nchi nyingi na mwanga wa taa za usiku unaoonekana kwa setilaiti. Alikuta kwamba tawala za kiimla hukuza takwimu zao za ukuaji kwa takriban asilimia 35. Hii haimaanishi kila namba ni ya uongo. China imewatoa mamia ya mamilioni kwenye umaskini, na Rwanda imepunguza vifo vya wajawazito kwa kiasi kinachostahili heshima. Lakini mtawala anayeweza kumfunga mtakwimu hawezi kututaka tumwamini mtakwimu huyo kama shahidi huru. Sisi Tanzania tulifika huko: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka 2020 taarifa za wagonjwa wa Uviko zilikoma mwanzoni mwa Mei, wakiwa 509. Virusi havikukoma siku hiyo.

Sasa tuje kwenye hoja yao yenye mvuto kuliko zote, ya kasi. Demokrasia ni maneno mengi, wanasema: kamati, rufaa, maandamano, na daraja halijengwi. Mtu mmoja huamua asubuhi, jioni matrekta yako kazini. Nakubali. Udikteta una kasi. Swali ni kasi ya kwenda wapi, na breki iko kwa nani. Ili isionekane kwamba nawachagulia mtawala mbovu, nawapa mwema kuliko wote tuliowahi kuwa naye. Mwalimu Nyerere hakuiba, hakujilimbikizia mali, aliipenda nchi yake, na mwenyewe aliwahi kukiri kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Huko Songea, Chama cha Maendeleo Ruvuma kilikuwa kimejenga vijiji vya ujamaa vya hiari, Litowa kikiwa mfano wake. Wanakijiji waliamua wenyewe, wakalima pamoja, wakaendesha shule yao. Mwaka 1969 chama tawala kikakivunja, kwa sababu kilikuwa kinajiamulia mambo. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, kuishi kijijini kukawa amri. Mamilioni wakahamishwa kwa kasi ambayo bunge lolote lingeionea wivu, wengine nyumba zao zikichomwa ili wasirudi, wengine wakishushwa mahali pasipo na maji. Ukame nao ulikuwepo, na bei ya mafuta ilipanda. Si haki kuitupia operesheni hiyo ya kuhamisha watu lawama zote za njaa ya 1974 na 1975. Lakini nani angesema kwamba ramani imekosewa? Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa 1972. Vyama vya ushirika vikafutwa 1976. Vyote viwili vikaja kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu mwenyewe alikubali kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Kosa lilitendwa kwa siku moja, likachukua takriban miaka kumi kutambuliwa, kwa sababu wale ambao wangelitambua mapema ndio waliokuwa wamefutwa.

Hiyo ni bei tuliyolipa chini ya mtu mwadilifu. China ililipa zaidi. Mwaka 1959, mkutanoni Lushan, Marshal Peng Dehuai alimwambia Mao kwamba mpango wa kuruka mbele kwa kishindo unaleta maafa. Akavuliwa cheo, na maofisa wa mikoa wakajifunza kuandika mavuno hewa. Makadirio ya waliokufa kwa njaa ni kati ya milioni 15 na 45. Ajabu ni kwamba mawakili wetu huitaja China kama ushahidi wa faida ya mtu mmoja kuamua, wakati utajiri wake ulianza baada ya 1978, Deng Xiaoping alipowaruhusu wakulima kuamua wenyewe cha kupanda na kuuza, na katiba ya 1982 ikaweka ukomo wa mihula miwili ya urais. Ukomo huo uliondolewa 2018.

Hoja ya ufisadi haitaki maneno mengi. Inasema wanasiasa wa vyama vingi ni wezi, ila mtawala mkali huwatia adabu. Mobutu alijenga Gbadolite, kijijini kwao, uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutua Concorde. Goldenberg, ile biashara ya Kenya ya kulipwa fidia kwa kuuza nje dhahabu na almasi za kubuni, iliota mizizi katika mfumo wa Moi na kufichuliwa baada ya vyama vingi kurudi. Watanzania wana mfano wa karibu zaidi. Awamu ya tano ilisifiwa kwa kuwaondoa watumishi hewa na kukata safari za nje, na sifa hiyo ilikuwa na msingi. Kisha ukaguzi ukazua swali la shilingi trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana kwenye hesabu. Labda palikuwa na maelezo mazuri. Serikali ilisema yapo. Lakini aliyefika mwisho mbaya ni mkaguzi: Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad kwa kuwa aliliita dhaifu, na Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa huko kulivunja katiba. Bunge lililothibitisha udhaifu wake kwa kumwadhibu aliyeutaja linastahili tuzo ya ukweli, angalau.

Gaddafi simwachi, maana orodha ya mema yake (umeme wa bure, nyumba kwa kila mwanandoa) husambazwa kila Oktoba. Libya ilikuwa na watu milioni 6 hivi juu ya bahari ya mafuta. Ingekuwa ajabu kama isingegawa chochote. Msomaji wa Kagera atakumbuka kwamba mwaka 1979 kiongozi huyo alituma wanajeshi kupigana upande wa Idi Amin. Wanasema pia Libya iliharibika alipoondoka. NATO ilipiga mabomu mwaka 2011, na hilo lihesabiwe. Lakini mtu aliyetawala miaka 42 akaacha nchi isiyo na chama, bunge wala jeshi la taifa linaloweza kusimama wiki moja bila yeye, ametoa ushahidi wa upande wa mashtaka.

Kisha wapo makapteni wa Sahel, mapenzi mapya ya vijana wetu. Hoja hapa ina sehemu mbili: kwamba wamemfukuza Mfaransa, na kwamba wameleta usalama. Sehemu ya kwanza ni kweli, na sina chozi la kumlilia Mfaransa. Ya pili tuipime kwa tarehe. Januari 2022 Luteni Kanali Paul-Henri Damiba alimpindua Rais Kaboré wa Burkina Faso kwa sababu ameshindwa kuwakinga raia na wapiganaji wa jihadi. Septemba 30 mwaka huohuo Kapteni Ibrahim Traoré alimpindua Damiba kwa sababu ileile. Kama kushindwa kuleta usalama ni sababu halali ya kumpindua raia, na kisha ikawa sababu halali ya kumpindua mwanajeshi, basi mawakili waseme wazi: kipimo hicho kinamhusu na Traoré, au kimeishia mlangoni kwake? Agosti 2024, karibu na mji wa Barsalogho, wapiganaji waliwaua mamia ya watu waliokuwa wakichimba mahandaki. Miezi sita kabla, Februari 25, raia 223 waliuawa katika vijiji vya Nondin na Soro, na Human Rights Watch ikasema waliowaua ni wanajeshi wa serikali. Jibu la serikali lilikuwa kuifungia BBC na Sauti ya Amerika kwa kuitangaza ripoti hiyo. Majaji na waendesha mashtaka waliomkera Traoré wakaandikishwa kwenda mstari wa mbele. Huko mitandaoni, wakati huohuo, video za akili mnemba zilimwonyesha R. Kelly na Beyoncé wakimwimbia kapteni sifa, na watu wazima wakazisambaza. Utawala wenye mafanikio ya kuonekana kwa macho hauhitaji kutungiwa mashabiki na kompyuta.

Hapo utawasikia wakishusha sauti: basi iwe kwa muda tu, atengeneze nchi, kisha turudi kwenye kura. Traoré alikubali muda huo uishe Julai 2024. Mei 2024 akaongezewa miezi 60. Mali iliahidi uchaguzi Februari 2022, ikaahidi tena Februari 2024, na mwaka 2025 ikavunja vyama vyote na kumpa Jenerali Goïta miaka mitano inayoweza kuongezwa bila kura. Museveni aliingia 1986 akisema tatizo la Afrika ni viongozi wasiotaka kuondoka. Ukomo wa mihula ukaondolewa 2005, ukomo wa umri 2017. Sisemi kwamba hawa walidanganya tangu mwanzo, pengine waliamini. Nasema mkataba usio na mtu wa kuusimamia hauna tarehe ya mwisho, hata kama imeandikwa.

Wakishindwa kwenye matokeo, wanahamia kwenye asili: demokrasia ni ya Wazungu, si utamaduni wetu. Hebu tukumbushane Mzungu alitutawalaje. Gavana hakupigiwa kura na yeyote. Aliweka watu kizuizini bila kesi, alifungia magazeti, aliteua machifu na kuwafukuza. Alipolazimika kuruhusu uchaguzi Tanganyika mwaka 1958, alileta kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ili wachache walingane na wengi. TANU ilikaa Tabora Januari mwaka huo, ikabishana vikali, ikaamua kuingia katika uchaguzi huo mbovu ili iushinde. Walichokuwa wakikitaka wazee wale ni kura moja kwa mtu mmoja. Mkoloni ndiye aliyekuwa akiwaambia bado hawajakomaa kwa kura. Leo maneno ya gavana yanarudi yakitamkwa na wajukuu wa waliompinga, nayo yanaitwa uzalendo wa Kiafrika.

"Watu hawali kura" ni msemo mtamu, na mwenye njaa ana haki ya kuusema. Lakini huliwa, na tunajua lini. Malawi ilimwondoa Banda kwa kura Mei 1994, na mwaka huohuo elimu ya msingi ikawa bure. Museveni aliahidi elimu ya bure katika kampeni ya 1996. Wanafunzi wa msingi Uganda wakapanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Muungano wa NARC uliahidi hivyohivyo 2002, na Januari 2003 madarasa ya Kenya yakafurika. Ubora ulishuka, walimu walizidiwa; hilo nalo ni kweli. Lakini Banda alikuwa na miaka 30, na Moi 24, na ada zilikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba mtu mkubwa alilazimika kumwomba mzazi maskini kitu alichokuwa nacho.

Katikati ya hoja zote hizi kuna mkanganyiko ambao sijaona wakiugusa. Wanasema mwananchi wa kawaida hajui kuchagua: anahongwa fulana na kilo ya sukari, anafuata kabila. Kisha wanamtaka mwananchi huyohuyo atambue, kwa video za sekunde 40, ni kapteni yupi mwenye moyo mwema, ampe bunduki zote, mahakama zote na hazina yote, bila nafasi ya kurudi kubadilisha mawazo. Kama hawezi kumchagua diwani kwa miaka mitano, amepata wapi hekima ya kumchagua mfalme wa maisha?

Hoja ya mwisho ndiyo nzito, kwa kuwa inatoka kwenye maumivu. Tumeijaribu demokrasia, wanasema, na hii ndiyo iliyotupa risasi. Nairobi, Juni 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha walipigwa risasi hadi milangoni mwa Bunge. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu waliokufa wasiopungua 60. Tanzania, Oktoba 29, 2025, chama kikuu cha upinzani kilikuwa nje ya uchaguzi na mwenyekiti wake gerezani kwa kesi ya uhaini. Watu wakauawa mitaani, intaneti ikazimwa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Hasira hiyo naielewa. Lakini yapangeni mashtaka hayo mezani myatazame: polisi asiyewajibika, mpinzani gerezani, mtandao kuzimwa, namba zisizoaminika. Hakuna hata moja lililotokana na kura kuwa nyingi mno. Kila moja ni chombo cha kazi cha mtawala yule tunayeambiwa tumwite atuokoe. Na pale Nairobi, hata baada ya damu kumwagika, muswada uliondolewa siku iliyofuata, kwa sababu palikuwa na rais ambaye bado alikuwa na uchaguzi mbele yake.

Afrobarometer iliwauliza Waafrika katika nchi 39. Asilimia 66 walisema wanaipenda demokrasia kuliko mfumo mwingine. Asilimia 53 walisema wangekubali wanajeshi waingilie, endapo viongozi waliochaguliwa watatumia madaraka vibaya. Mawakili wa mkono wa chuma wananukuu namba ya pili na kuliacha lile "endapo". Liko pale kwa sababu watu hao wanalalamikia kukosa njia ya kumshika mkubwa anapokosea. Njia zenyewe si nyingi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais Septemba 2017, na Mahakama ya Katiba ya Malawi ikafanya hivyo Februari 2020, hadi upinzani ukashinda katika marudio. Ukiondoa hizo, na mkaguzi, na gazeti, mkazi wa Ouagadougou aliyemchoka kapteni wake anabakiwa na ile iliyomwondoa Damiba, naye hatahitajika kuipigia kura.